Picha ya Saa Kumi na Moja Alfajiri

Foleni ya tiketi katika bandari ya Cebu, Ufilipino, haikusogea, na Marivic, muuza vitambaa aliyevaa gauni la manjano, alikuwa akichungulia simu ya kijana aliyemtangulia.

"Dada, utanipumulia begani mpaka lini?" kijana akacheka. "Ni mawingu tu. Picha za setilaiti. Kazi yangu ni kuziweka kwenye ramani ya mtandaoni, kila mtu azione."

"Basi niambie, nisafiri nisisafiri?"

"Usisafiri. Tukanywe kahawa."

Ndivyo alivyomjua Rodel. Miezi minne baadaye, hakuna safari aliyoipanga bila kumuuliza. Jumanne moja asubuhi akampigia.

"Mpenzi, mdogo wangu Jovert anavuka kutoka Ormoc leo. Bahari ikoje?"

Rodel akatupia ramani jicho. "Kweupe, kipenzi. Mwambie aje."

Saa sita mchana ndipo alipoisoma saa iliyoandikwa pembeni mwa picha: kumi na moja alfajiri. Mtambo wa kupokea picha ulikuwa umekwama. Alipouwasha upya, wingu zito lilikuwa limeifunika bahari yote ile. Akampigia Marivic.

"Jovert ameshapanda boti?"

"Saa nzima sasa. Mbona sauti inakutetemeka?"

Akamweleza. Marivic akasema polepole, "Wewe ndiye uliyeniambia kweupe. Mdogo wangu akipotea, usinijue." Akakata simu.

Rodel akapiga bandari ya Ormoc, akawatumia picha mpya, akawasihi wamwite nahodha kwa redio. Wakasema watajaribu. Marivic naye alikaa dukani, simu mapajani, hali wala hanywi, mvua ikiyatwanga mabati.

Saa kumi simu ikalia.

"Dada, mimi huyu! Tumeitwa kwa redio, tumejibanza nyuma ya kisiwa. Nimetapika hadi nyongo! Nahodha anasema bandarini wamechoka na jamaa mmoja wa Cebu anayewapigia kila dakika tano huku analia."

Marivic aliingia ofisini kwa Rodel akiwa amelowa chapachapa, viatu mkononi. Rodel akasimama, macho mekundu.

"Kosa ni langu. Sikutazama saa."

"Najua ni lako." Midomo ikamcheza. "Nilikuja kukutukana, Rodel. Maneno yameniishia njiani."

"Basi nikuoe?"

"Kwanza ukamwambie mama ulichofanya, kwa mdomo wako. Akikubakishia meno, uliza tena."