Anwani Mpya ya Nyumba ya Wageni ya Odilia

Kila asubuhi Odilia alitandika vitanda, na kila jioni alivikuta kama alivyoviacha. Nyumba yake ya wageni pale Kivukoni haikuwa na wageni. Mumewe, Alfonsi, alivusha watu kwa mtumbwi, akirudi na samaki wawili watatu.

Siku moja shemeji yake Evaristo alikuja akachungulia vyumba vyote. Nyumba ilikuwa ya urithi, na yeye ndiye kaka mkubwa wa Alfonsi.

"Shikamoo, shemeji," Odilia alisema.

"Marahaba. Panya hawajambo? Maana ndio wageni pekee ninaowaona. Mavuno yakiingia hali ikiwa hivi hivi, najaza mpunga wangu humu."

Odilia aliinama akanyoosha shuka ambayo hakuna aliyeilalia.

Ilikuwa mwaka 1999. Viktor, mpwa wa Alfonsi aliyekuwa Dar es Salaam, alikuwa amewatengenezea tovuti, yaani kurasa za kuitangaza nyumba yao kwenye intaneti. Kwa nini haikuleta mtu? Jumamosi mke na mume walikwenda mjini Ifakara kwa Paskalina, jirani yao aliyefanya kazi ya kompyuta ofisini. Alitafuta kwenye intaneti nyumba za wageni za Ifakara. Zilitokea za wengine. Yao haikuwemo.

"Hebu anwani yenu. Mama yangu! Alama ya kuuliza, namba, alama, namba tena! Sikilizeni. Mashine ya kutafutia hupita ukurasa hadi ukurasa ikisoma. Nyingi zikiona alama ya kuuliza na mkia wa namba, hugeuza. Zinaogopa kupotea."

"Basi tuisafishe!" Alfonsi aliruka kutoka kitini. "Tuandike Ifakara, Kivukoni, mto, samaki, wali, mtumbwi, vitanda..."

"Kaka Alfonsi, hiyo ni anwani au unabatiza watoto saba? Neno moja linatosha. Ukurasa wa vyumba uitwe vyumba. Wa mtumbwi uitwe mtumbwi."

"Na tutapanda juu kwenye orodha?" Odilia aliuliza.

"Kidogo, dada. Sikudanganyi. Anwani safi inaifungulia mashine mlango tu. Ikiingia ikute maneno ya maana. Ninyi mmeandika nini? 'Karibuni sana', na picha ya baiskeli!"

Walicheka mpaka machozi. Kisha Odilia alitaja na Paskalina akaandika: vyumba vyenye vyandarua, samaki aina ya sambi wa kukaanga, swala aina ya sheshe wanaoonekana ukiwa ndani ya mtumbwi, njia ya kutoka stesheni ya treni. Viktor alipigiwa simu. Alibadilisha anwani zote na kufuta za zamani.

Jumamosi iliyofuata Paskalina aliwapokea bila kucheka.

"Kuna watu wa ng'ambo wanaopenda kutazama ndege wa porini. Kwenye tovuti yao walikuwa wameitaja nyumba yenu, na anwani yenu ya zamani. Sasa mtu akibonyeza, anaambiwa ukurasa haupo. Tumewafungia njia."

Akilini Odilia aliona tayari magunia ya Evaristo juu ya vitanda vyake. Lakini Alfonsi alijipiga paja.

"Mto ukijaa, sisi huhamisha kivuko. Pale pa zamani tunachomeka tawi, limelazwa kuelekea kipya. Bila tawi watu watasimama pale na kuku wao mpaka jua lizame. Kompyuta haina tawi?"

"Inalo!" Paskalina alipiga kelele. "Yaani Viktor anaweza kuliweka! Atakayefika anwani ya zamani apelekwe mpya, na mashine nazo zifuate. Simu iko wapi?"

Mashine hazipiti kila siku, kwa hiyo walisubiri. Siku moja Paskalina alifika Kivukoni kwa baiskeli, akipiga kengele tangu mbali.

"Dada Odilia! Mmetokea! Si wa kwanza, mko chini chini, lakini mmo! Na wale wapenda ndege wameandika. Wanakuja, wanataka vyumba vyote!"

Odilia alimkumbatia hata baiskeli ikaanguka.

Mavuno yalipoingia, trekta la Evaristo lilisimama uani limejaa magunia. Taulo zilikuwa zimetanda kambani. Kila dirisha lilikuwa na viatu vyenye tope vinavyoanikwa. Evaristo alishuka, akaduwaa.

"Nitaweka wapi mpunga wangu?"

"Shikamoo, shemeji," Odilia alisema, sufuria kubwa mkononi. "Gunia moja lishushe jikoni. Wageni wanakula kama wavunaji."