Chai ya Mwalimu Walter Inachumwa na Nani?

"Hii mistari myeusi imetoka wapi?" Mong'ina aliuliza, jicho moja kwenye kibomba chenye kioo ndani kinachotawanya mwanga kuwa rangi za upinde, ameelekeza angani.

"Ni rangi zilizomezwa," Walter akajibu. "Hewa ya moto inayozunguka jua humeza rangi fulani, ikaacha pengo. Chuma kina mapengo yake, chumvi ina yake. Nyota pia. Hakuna aliyefika huko, lakini pengo linatuambia kuna nini."

Persis, mamake Mong'ina, alikuwa mlangoni anapukuchua mahindi, masikio wazi. Walter alifundisha sayansi hapo Kiogoro. Mpole, Sabato hakosi kanisani, na alitaka kumwoa Mong'ina kabla mwaka huo wa 1974 haujaisha. Ila kwetu, ng'ombe wa mahari hawatoki kabla esigani hajatumwa, yule mshenga wa kwenda kuchungulia boma la mchumba. Walter alikataa. Alisema kwao Nyamira wazazi walishakufa, imebaki nyumba tupu na chai, sasa esigani atasalimia nani? Mong'ina naye akamwambia mamake hayo ni mambo ya zamani.

Persis akaweka gunzi chini.

"Mwalimu, chai yenu inaendeleaje?"

"Vizuri, Mama. Mwezi huu imetoa sana."

"Anachuma nani?"

Walter akachukua kibomba, akapangusa kioo kisichokuwa na vumbi.

"Vibarua tu."

"Wanaitwaje?"

"Wanabadilika, Mama. Leo huyu, kesho yule."

"Mama, unamhoji kama askari," Mong'ina akasema.

"Ametuhadithia mto wa kwao, kaburi la babake, mpaka mbwa. Mchumaji hana jina. Na chai haijichumi, mwanangu. Hilo si pengo?"

Walter alicheka, lakini chai aliyoandaliwa hakuimaliza, na kibomba akakisahau hapo.

Jumapili Persis akamtuma shangazi Bitutu Nyamira kimyakimya, ajifanye anatafuta miche ya ndizi. Bitutu alirudi jioni, akakaa bila kuvua kitambaa. Alikuta mwanamke ana kikapu cha majani mgongoni na mtoto kifuani. Mwanamke huyo akamkaribisha uji. Akamwambia mumewe ni mwalimu Kiogoro, huja mwisho wa mwezi.

"Anaitwa Kemuma," Bitutu akasema.

Mong'ina hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mtoto anafanana na nani?"

"Mwalimu mtupu," Bitutu akasema.

Kesho yake Walter alipokuja, alimkuta Mong'ina langoni na kibomba mkononi.

"Kemuma anakusalimia."

Walter akasema, "Ningekueleza. Nilingoja tu tuoane kwanza."

"Ulinifundisha mwenyewe, Mwalimu, nitazame palipo peusi. Mimi nikakaa naangalia rangi."

Akamrudishia kibomba chake na kufunga lango. Ndipo akalia, na hakutaka kushikwa hata na mamake.

Basi mabinti, kijana akikuhadithia kwao, msikilize mpaka mwisho, halafu uliza alichoruka. Na akikataa esigani, mtume huyo esigani mara mbili.