Kituo cha Saba

Mimi ninayesimulia niliwahi kutia sahihi zamu niliyoilala, Mola anisamehe, kwa hiyo sina ulimi wa kumcheka mpimaji wa meli ile ya utafiti. Kazi yake ilikuwa kuvua vile vidudu vya bahari vinavyoelea, vidogo kama punje za chumvi, ambavyo samaki huvila. Mabaharia walimwita Mama Vidudu, naye akaitika.

Siku ya kituo cha saba, mahali pa saba pa kushusha wavu, bahari ilichafuka. Yeye na mume wa dada yake, mwendesha winchi ya kushusha na kupandisha wavu, walikuwa wametapika hadi nyongo. Wavu haukushuka. Mama Vidudu akamega sampuli ya kituo cha sita, akaitia kwenye chupa nyingine yenye kifuniko chekundu, akaandika lebo kwa penseli: saba. Kisha akabuni mizunguko ya kipimamaji, kile kifeni cha shaba kinachofungwa mdomoni mwa wavu kuhesabu maji yaliyopita. Mia nne na kumi na mbili.

"Nani atakwenda kuhakiki, shemeji?" alisema mwendesha winchi. "Samaki?"

Wakacheka.

Asubuhi yake kifeni kilikuwa kinazunguka ndani ya sanduku, kikavu. Tik. Tik. Akakishika, kikatulia. Akakiachia, kikaendelea.

Alipopima chupa ya saba, vidudu vilivyotuama chini vilikuwa mililita sita. Adhuhuri vikawa tisa. Alasiri kumi na tano, na formalini, dawa isiyoacha kitu hai, ilikuwa inanuka matope ya chini kabisa yasiyowahi kuona jua. Shemeji yake naye alikuwa amekumbatia dumu la maji, midomo imepasuka, chumvi nyeupe imeganda pembeni.

"Nina kiu, shem," alinong'ona. "Nakunywa lakini hayafiki."

"Hayafiki wapi?"

"Sijui. Kuna mtu anayapokea."

Mama Vidudu akarudi maabara mbio, akafunga mlango, akaisogeza taa, na mle ndani ya chupa vile vidudu vilivyokwisha kufa vilikuwa vimegeukia upande wake vyote, kama watu waliosikia jina lao likiitwa, na kifeni kikazidi kasi sandukuni, na ile harufu ya matope ikampanda puani hadi kooni, na kutoka chini ya kifuniko ikaja sauti ya chini, ya adabu, kama ya mtu aliyebisha hodi muda mrefu: "Mmeandika kuwa mlikuja kwangu. Sikuwaona. Basi nimekuja mimi."

Kusema kungemfukuzisha kazi. Lakini shemeji akifa, angemwambia nini dada yake?

Alimkuta nahodha anakunja msala.

"Baba, nimeandika uongo." Akamweleza yote, hata kile kicheko.

Mzee aliuweka msala begani. "Mafuta ya kurudi kituo cha saba yapo. Kazi yako siiahidi."

"Sijaiulizia, baba."

Walifika bahari imelala kama shuka. Nahodha akasoma dua. Shemeji hakuweza kusimama, ikabidi Mama Vidudu aendeshe winchi mwenyewe. Akaimwaga chupa ya saba baharini, akashusha wavu hadi kina chake, akaupandisha polepole, akausuuza kwa nje kama inavyotakiwa. Haukuwa na hata kidudu kimoja. Akakitazama kipimamaji: mia nne na kumi na mbili.

Nyuma yake shemeji aliomba maji. Akanywa kikombe kimoja, akafumba macho.

"Yamefika," alisema.

Lakini mgeni akishaijua njia, ameijua. Ile chupa tupu waliitupa baharini siku hiyohiyo. Ilipanda na wavu wa kituo cha nane, kifuniko kimekazwa, chini mna mililita moja ya vidudu. Wakaitupa tena, ikapanda tena. Sasa imewekwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya ndoo. Ukipata kibarua cha kusafisha maabara ya meli ukakutana nayo, nakuomba, ipanguse vumbi tu. Usiifungue.