Kisanduku Namba Arobaini na Saba

Kona ya juu ya ukurasa wa kumi na nne ilikuwa imekunjwa.

Ni jambo dogo, na mwenye duka mwingine angelipuuza. Lakini Marlene Kubiak alikuwa ameuza vitabu vya katuni katika mtaa wa Broadway, mjini Buffalo, kwa miaka thelathini na moja, na bado alikishika kitabu kipya kwa viganja viwili kama anayepokea mtoto mchanga. Asubuhi ya Jumatano hiyo, kama Jumatano zote ambazo matoleo mapya hufika, alikuwa amekata utepe wa katoni kwa mkono wake na kugawa nakala za wateja wa kudumu kwenye visanduku vyao, nyuma ya kaunta. Nakala ya *Mzimamoto wa Mwezini* aliyoiweka kwenye kisanduku namba arobaini na saba ilikuwa imenyooka, haina hata alama ya kucha. Sasa ilikuwa saa kumi na nusu jioni, na kona ilikuwa imekunjwa vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyepumzika kidogo akacheka.

Hakuna aliyepita nyuma ya kaunta siku nzima. Na mtu pekee aliyethubutu kukunja vitabu ndani ya duka lile alikuwa Kaz Wrobel, ambaye walimzika wiki iliyotangulia.

Kaz na mdogo wake Ted walikuwa wazee wawili wasiooa, wastaafu wa kiwanda cha chuma, wakiishi katika nyumba aliyowaachia mama yao. Walikuwa na kisanduku kimoja kwa majina mawili. Kila Jumatano Kaz alikuja saa kumi kamili, akaketi kwenye kiti cha ngozi karibu na hita, akasoma kwanza, maana yeye ndiye mkubwa. Ukurasa uliompendeza aliukunja kona. Kisha alimpa Ted, aliyekuwa akisubiri kwenye kigoda pembeni huku anakula andazi la jemu, vidole vyeupe kwa sukari. Wakabishana mpaka basi lao lifike. Walikuwa wakifanya hivyo tangu duka lifunguliwe, na watu walikuja kununua katuni na kuwasikiliza.

Jumatano moja ya Novemba Ted alikuja peke yake, mchana.

"Marlene, nifungulie kisanduku changu," alisema. "Nina miaka sitini na mmoja, sijawahi hata siku moja kusoma kitabu ambacho hakijakunjwa."

"Kaz anajua?"

"Nitamwambia leo nyumbani. Atanuna siku mbili, halafu atanikopa vyangu asome. Namjua yule."

Ukutani kulikuwa na sheria ya duka, ameiandika Marlene mwenyewe: kisanduku hufungwa na mwenyewe, kwa mkono wake. Cha majina mawili kinataka sahihi mbili. Lakini Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na mchoraji anakuja kuwatilia wateja sahihi, simu haikunyamaza tangu asubuhi, na Marlene hakuwa na subira. Alimpa Ted kadi ya kukifunga kile cha wawili, Ted akatia sahihi yake, naye Marlene akakiacha kisanduku kitupu hapo hapo. Sahihi ya Kaz, ataitia mwenyewe akija.

Kaz akaja saa kumi, kabla Ted hajamwambia kitu.

"Bosi, mbona tupu?"

"Ted kafunga."

"Kafunga? Kwa nini?"

Simu ilikuwa inalia. Watu watatu walikuwa kwenye foleni. "Kasema amechoka kusoma na wewe," Marlene akamjibu.

Kaz alivua kofia, akaishika. "Ted kasema hivyo?"

"Ndiyo," akasema, mkono wake tayari uko kwenye simu.

Ted hakusema hivyo. Ulimi hauna mfupa, na ule wa mtu mwenye haraka hauna hata macho. Kaz hakuketi siku hiyo. Alitoka, akaketi kwenye kituo cha basi mbele ya duka, akayaacha mabasi yapite, na jioni ile theluji ikaanza kushuka kutoka ziwani. Asubuhi wafagiaji wa barabara walimkuta hapo hapo, theluji imejaa mapajani. Daktari alisema ni moyo.

Marlene hakumwambia mtu. Alikwenda mazishini, akamkumbatia Ted, akala viazi na soseji pamoja na wafiwa, na neno lile likakaa kooni mwake kama mwiba wa samaki. Jumatano iliyofuata maziko alifanya kosa ambalo mwuza katuni peke yake angeweza kulifanya. Alibandika tena jina la Kaz kwenye namba arobaini na saba, akatia humo toleo jipya. Wengine hupeleka maua. Yeye alipeleka *Mzimamoto wa Mwezini*, na ndipo kona ikakunjwa.

Wiki ya pili ikaja harufu. Mnanaa wa dawa ya kikohozi, na sufu iliyoloa ikikauka karibu na moto. Kaz alikuwa akinuka hivyo kila kipupwe. Kiti cha ngozi kilikuwa na maji kwenye sehemu ya kukalia, na chini yake vidimbwi viwili, upana wa viatu. Marlene alivifuta. Kabla hajafika kaunta, aligeuka akaviona vimerudi.

Wiki ya tatu, Ted alipita bila hata kukitazama kisanduku chake kipya. Alivuta kile kigoda cha zamani akakaa, mikono magotini.

"Ted, vyako hivi hapa."

"Nasubiri," Ted akasema kwa sauti ya chini, akakionyesha kiti kwa kidevu. "Hajamaliza."

"Nani hajamaliza?"

"Shh. Anasoma polepole siku hizi, taa yenu hii mbovu." Akatabasamu. Wiki zote hizo hakuwa ametabasamu, na Marlene alijikuta anaogopa lile tabasamu kuliko vidimbwi.

Tangu hapo kila Jumatano Ted alisubiri zamu yake, na kila Jumatano zamu ilichelewa zaidi. Wateja walikizunguka kile kiti bila kujua kwa nini wanakizunguka. Krismasi ikapita, Januari ikapita. Ted hakununua tena maandazi, mashavu yakamwingia ndani, kola ya shati ikawa inamzunguka shingo kama shanga. Marlene alimletea supu kwenye chupa ya chai; aliirudisha imejaa.

"Ted, unajiua."

"Kaka yangu hali, nile mimi?" Akacheka kidogo. "Mkubwa kwanza, Marlene. Wewe unajua."

Jioni moja mwanzoni mwa Februari alipofunga duka alimwona Ted kwenye kituo cha basi, ameketi ukingoni mwa benchi kama mtu anayempisha mwenzake, na basi likaja likafungua mlango na dereva akamwita na Ted akampungia mkono aende zake, na Marlene akavuka barabara akitaka kumshika mkono amwinue, kwa nguvu ikibidi, lakini alipofika hatua tatu kutoka pale akaona theluji imetanda juu ya benchi lote isipokuwa sehemu moja kando ya Ted, na pale penye ukavu, juu kidogo, kimo cha magoti ya mtu mrefu aliyeketi, theluji ilikuwa imelala hewani, mistari miwili iliyonyooka, imelala juu ya kitu kisichokuwepo, na punje mpya zilikuwa zinaendelea kutua juu yake polepole bila kuanguka.

Ted aligeuka. Midomo yake ilikuwa ya bluu.

"Twende nyumbani kwangu," Marlene akanong'ona. "Ted, nakuomba."

"Ananiuliza kitu," Ted akasema. "Kila jioni ananiuliza, sisikii vizuri. Nikimsikia tu, nitainuka."

Ilibidi dereva wa basi la mwisho ashuke amsaidie kumbeba.

Padri Klement alikuwa na kisanduku namba kumi na mbili, cha katuni za mazimwi na maiti wanaotembea, na hakuona haya. Marlene alimweleza yote, ila lile moja. Padri alimsikiliza bila kumcheka.

"Nitakuja Jumatano ya Majivu, baada ya misa," alisema. "Jumatano yenu na yangu zimekutana."

Alikuja na maji ya baraka na kikopo cha majivu, koti lake limejaa theluji. Marlene alikuwa amegeuza kibao mlangoni kionyeshe kwamba wamefunga. Ted alikuwa kwenye kigoda chake, na alama ya majivu kwenye paji la uso ilionekana nzito kuliko uso wenyewe. Saa kumi kamili kengele ya mlangoni ikalia. Mlango haukufunguka. Ngozi ya kiti ikalia, kwa uzito wa mtu anayeketi.

Padri alisali, akanyunyiza maji. Harufu ya mnanaa iliongezeka mpaka macho yao yakachuruzika, hita ikagonga mara tatu ikazima, na pumzi zao zikaanza kuonekana. Padri akashusha mkono.

"Huyu hakuletwa na shetani, Marlene," alisema taratibu. "Huyu kaja kwa oda. Wewe umemwagizia, wiki baada ya wiki. Mimi siwezi kuifuta oda ya mtu mwingine. Kuna kitu hujaniambia."

Marlene alimtazama Ted. Angekubali kupoteza duka, na rafu zote, kuliko kusema mbele ya uso ule. Lakini aliiona shingo ndani ya kola, akajua kwamba akinyamaza leo atakwenda mazishi mengine, na atakula tena viazi na soseji za watu. Akaitoa kadi ya Novemba kwenye droo ya chini, yenye sahihi moja, akaiweka kwenye mkono wa kiti pamoja na kalamu, akapiga magoti kwenye yale maji ya theluji.

"Kaz," alisema, akikitazama kiti. "Kaz, Ted hakusema amechoka na wewe. Hakusema kamwe. Alitaka tu kitabu ambacho hakijakunjwa. Alisema utanuna siku mbili, halafu utamkopa. Lile neno ni langu, mimi ndiye niliyelitunga, kwa sababu simu ilikuwa inalia."

Kigoda kilianguka. Ted alikuwa amesimama.

Na hapo kalamu ikainuka, si kwa kishindo, ikainuka jinsi mzee mwenye baridi ya vidole anavyoinua kalamu, ikatetemeka juu ya kadi, ikashuka, na katika ule ukimya walisikia nyuma ya mkwaruzo wa wino mtu akivuta pumzi kwa shida, pumzi yenye kikohozi ndani yake, na maji yakadondoka kutoka mahali pasipo na mkono yakatua kwenye kadi, tone moja, la pili, wala Padri hakuweza kusali wala Marlene kuinuka, mpaka kalamu ikalala. Harufu ikapungua. Hita ikagonga, ikawaka.

Ted ndiye aliyeichukua kadi. Chini ya sahihi yake kulikuwa na ya kaka yake, na juu yake maneno matatu: *Ted asome kwanza.*

Aliyasoma mara nyingi. Kisha akaenda mwenyewe nyuma ya kaunta, akatoa toleo la wiki kwenye arobaini na saba. Lilikuwa limenyooka, kona zote nne. Akalikumbatia kifuani, akalia kwa sauti kama wanavyolia watoto, bila kujificha, na Padri akamshika bega.

"Miezi mitatu," Ted alimwambia Marlene alipoweza kusema. "Nilidhani anakuja kwa sababu ananipenda. Kumbe alikuwa anakuja kuuliza."

"Nisamehe, Ted."

"Ningemjibu. Ungeniambia siku moja tu, ningemjibu." Akavaa kofia. "Alikufa pale nje anafikiri simtaki, Marlene. Pale nje, unapaona kutoka dirishani."

Basi lilipokuja alipanda. Hakurudi tena. Padri husema amenenepa, anakula, na Jumatano huchukua katuni zake katika duka moja upande wa pili wa mji, ambako anasoma kwanza na hana wa kumpa baadaye. Marlene hushukuru kwa hilo, na huwa anashukuru kweli.

Alibandua jina kwenye namba arobaini na saba. Hajaweka kitu humo tangu siku ile, wala mteja mwingine hajapewa. Kiti alikitoa, akaweka rafu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini alidhani angalau yatakauka.

Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya katuni za bure, foleni ya watoto ilifika mpaka kanisani, kengele ikilia kila mara, na Marlene alicheka kwa mara ya kwanza tangu kipupwe. Jumatano iliyofuata duka lilikuwa tupu. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Saa kumi kamili kengele ikalia na mlango haukufunguka. Nyayo zikaja mpaka kwenye kaunta, mbili mbili, na ndani ya kila moja kulikuwa na theluji.

Mnanaa. Sufu iliyoloa. Mtu alivua kofia. Marlene alisikia kitambaa kikipita kwenye nywele. Kisha ile sauti ambayo Ted hakuweza kuisikia vizuri, karibu kabisa, bila hasira, sauti ya mtu ambaye bado anatumaini.

"Ted kasema hivyo?"

"Hapana, Kaz," Marlene alijibu, ameshika kaunta kwa mikono miwili. "Hakusema. Ni mimi."

Nyayo ziligeuka, kengele ikalia. Kutoka dirishani aliliona benchi la kituo cha basi likiwaka jua, na chini yake, peke yake mtaa mzima, lundo dogo jeupe. Alichukua tambara akapangusa sakafu.

Jumatano iliyofuata, saa kumi, Kaz akamwuliza tena, kama ambaye hajajibiwa.