Sauti Iliyozimwa kwa Kidole

Jua lilikuwa linazama afisa habari alipofika nyumbani na kazi ya bosi mfukoni. Asubuhi hiyo bomba la mtaa lilikuwa limezinduliwa kwa utepe, hotuba tatu na kamati ndogo ya makofi. Kilichokosekana ni maji tu. Mkurugenzi alizungusha koki. Koki ikakohoa, ikatema vumbi, ikanyamaza.

"Utarekebisha kwenye video," Mkurugenzi alimnong'oneza afisa, aliyekuwa akirekodi kwa simu.

Katika kimya kile, bibi mmoja mwenye ndoo aliuliza, "Mwanangu, hayo maji yako wapi?"

"Bibi, unaniharibia kazi," afisa akamwambia. "Hiyo sauti yako nitaizima."

Bibi akacheka. "Zima tu, baba. Sauti ikifukuzwa kwake hutafuta pa kulala."

Sasa afisa alikuwa sebuleni, simu mkononi, akipanga video. Juu picha; chini yake mistari ya sauti, mmoja chini ya mwingine kama mafaili ya ofisini: hotuba, muziki, watu. Mstari wa watu, wenye bibi ndani yake, akaugusa kwa kidole. Ukazimika. Akaingia bafuni, akafungua bomba lake mwenyewe, akarekodi maji na kuyalaza chini ya picha ya mkono wa Mkurugenzi ulioziba koki. Shangwe je? Akamtekenya binti yake, waliyemwita Kasuku kwa kutofunga mdomo, akarekodi kicheko chake na kukinakili mpaka ukapatikana umati.

Akatuma.

"Safi sana!" Mkurugenzi akajibu. "Hayo ndiyo maendeleo."

Akaenda kunawa. Maji yakatoka, yakagonga beseni...

Bila sauti.

Akagonga ukuta kupima masikio yake. Ko, ko. Mazima.

"Baba Kasuku!" mkewe akaita. "Njoo umwone mtoto!"

Kasuku alikuwa sakafuni, akimchekea mwanasesere. Mabega yanaruka. Mdomo wazi.

Kimya.

"Umemfanya nini?"

"Mimi? Nimemtekenya tu."

Ya kurekodi hakuyasema. Harufu ya vumbi, lile lile la koki, ikajaa chumbani. Akashika simu, akafuta mstari wa maji. Kule bafuni... shwaaa.

Hapo akaelewa. Kilibaki kicheko. Kidole kikasimama juu yake. Akikifuta, itabidi atume video upya, Mkurugenzi atauliza, na kile cheo kilichokuwa kimeanza kunukia... Alipiga hesabu hizo zote huku mwanawe akimtazama. Na mtoto aliona kwamba baba yake anapiga hesabu.

Aibu ikamchoma hadi masikioni. Akafuta.

Kasuku akavuta pumzi. Mama yake akapiga magoti. "Sema, mwanangu. Sema chochote."

Mtoto akasema, kwa sauti kongwe yenye mikwaruzo:

"Mwanangu, hayo maji yako wapi?"

Mkewe akarudi nyuma hadi ukutani. Afisa akauwasha upesi mstari wa watu. Pale palipokuwa na mawimbi ya sauti ya bibi, palikuwa pamenyooka kama uzi. Hapakuwa na kitu cha kurudisha.

Simu ikatetemeka. Mkurugenzi.

"Kesho tunazindua lingine. Usisahau maji."

Hakuweza kuinua uso. Mbele yake, Kasuku alikuwa amenyoosha kikombe chake cha plastiki, kitupu, akisubiri jibu.