Mdoli Asiye na Uso

Kitu cha kwanza nilichoona ni namna Aunti Kelly alivyomfunga mdoli wake. Alimzungushia kitambaa, akamweka ndani ya mfuko, lakini kichwa akakiacha nje. Kama vile mdoli anahitaji kupumua.

Kila Alhamisi tunashona pamoja katika ukumbi ulio karibu na stesheni ya Mount Druitt. Aunti Kelly ndiye mwalimu wetu. Yeye ni mwenyeji wa asili wa nchi hii ya Australia. Watu wake humwita mwanamke mzima Aunti kwa heshima, kama sisi tunavyosema Mama. Anatufundisha kutengeneza midoli kwa mkono, kwa vitambaa vya zamani, nyuzi za sufu na manyoya ya ndege.

Mimi naona haya kuuliza mbele za watu. Siku hiyo mshono wa shingo ulinishinda. Aunti Kelly aliona. Akanipa mdoli wake mwenyewe.

"Nenda naye nyumbani, Nella. Mwangalie polepole. Alhamisi ijayo utamrudisha."

Nilimlaza juu ya kitanda changu. Jioni Mama alirudi kutoka kazini, anakotunza wazee. Akamwona.

"Nella! Hii kitu imetoka wapi?"

Mdogo wangu Lydie akacheka. "Mama, ni mdoli tu," akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Mdoli gani hana macho? Hana mdomo! Na hayo manyoya kichwani? Lydie, toka hapo! Kule kwetu Fizi, kitu kama hiki ukikikuta mlangoni, unahama."

"Lakini tuko Australia, Mama."

"Kwani mchawi hapandi ndege?"

Mama akavaa glavu zake za kazini. Akamshika mdoli kwa vidole viwili, akaenda kumtupa kwenye pubeli ya taka ya nje. Asubuhi lori la taka lingepita.

Mama akarudi ndani. Nilitoka, nikafungua pubeli, nikamtoa. Nilimpangusa maganda ya viazi. Nilipogeuka, Mama alikuwa mlangoni.

"Unaurudisha uchawi nyumbani mwangu?"

"Si wangu, Mama. Ni wa Aunti Kelly. Amenikopesha tu."

Mama akavua glavu zake. Kitu cha mtu hakitupwi. Hilo alitufundisha mwenyewe.

"Basi Alhamisi tutamrudisha pamoja," akasema. "Nitamwambia huyo mama ukweli. Weye utatafsiri."

Alhamisi ilipofika, Mama hakukaa hata kwenye kiti.

"Mwambie sisi ni watu wa maombi. Mwambie hatuchezi na mapepo."

Nilitafsiri hivi: "Mama anauliza kwa nini mdoli hana uso."

Mama akanitazama. "Maneno yangu yote yamekuwa mafupi hivyo?"

Aunti Kelly alimweka mdoli magotini.

"Bibi yangu ndiye aliyemshona," akasema. "Kitambaa hiki kilikuwa gauni lake. Haya ni manyoya ya emu, ndege wa kwao. Bibi alikuwa anamshika mdoli huyu na kunitajia majina ya watu wetu. Ndivyo nilivyojua mimi ni mtoto wa nani."

"Na uso?" Mama akauliza nilipomtafsiria.

"Bibi alichukuliwa na serikali akiwa mdogo sana. Watoto wetu wengi walichukuliwa hivyo. Walimpeleka kwenye nyumba ya watoto, wakamkataza lugha yake. Hakumwona mama yake tena. Alipokuwa mkubwa alimshona mama yake, huyu hapa. Lakini uso alikuwa ameusahau. Hakutaka kumwekea uso wa uongo."

Safari hii nilitafsiri kila neno.

"Kila familia ina midoli yake na maana yake," Aunti Kelly akaongeza. "Ukimwona mdoli wa mtu, usiogope. Muulize mwenyewe."

Mama akakaa. "Mwambie nilimtupa. Mwambie anisamehe. Na muulize kama naweza kumshika."

Alimshika kwa mikono mitupu.

"Amerudi salama," Aunti Kelly akasema. "Mama yako anakunywa chai?"

Tukinywa chai, Mama alimzungumzia Tate, mama yake mzazi. Tate alikuwa ananitengenezea midoli ya maganda makavu ya mgomba. Alinifungia mdoli mgongoni kwa kitambaa, kichwa akakiacha nje. "Mtoto apumue," alisema. Tulipokimbia vita, Tate alibaki. Alifia huko. Picha yake hatuna.

Sasa Mama akiwa hana zamu, tunakuja wote. Anawafundisha wenzetu kusuka midoli ya kwetu kwa nyuzi za katani. Juzi Lydie alimchukua mmoja, akauliza kwa Kiswahili: "Mama, huyu jina lake nani?" Mama alifurahi mpaka akamkumbatia.

Alhamisi iliyopita nilimaliza mdoli wangu. Nilimvalisha kipande cha kitenge cha Tate, kile tulichokimbia nacho. Mama akamgeuza huku na huku.

"Mzuri kabisa. Huyu ni Tate, si ndiyo? Mbona hujamwekea uso?"

Nilichomeka sindano kwenye kitambaa. Kisha nikasema:

"Mama, uso wa Tate nimeusahau."