Usiandike Kuwa Umeacha Kazi

Kila alfajiri Kulthum huamka kabla ya bintiye. Huinjika chai ya tangawizi, akamfungia mahamri na mbaazi ya kwenda nayo. Swabra hunywa chai amesimama, akambusu mwanawe Wardah aliye usingizini, akatoka.

Wanaishi Magongo, Changamwe. Swabra anafanya kazi kiwanda cha nguo. Suruali zinazoshonwa hapo huuzwa Marekani. Hakuna anayeshona suruali nzima. Mmoja hutia mfuko, humpa mwenzake. Mwenzake hutia zipu. Wa tatu hushona kiuno. Swabra ni wa zipu. Nyumba nzima yaitegemea kazi hiyo, maana babake alishafariki.

Jioni moja Swabra alirudi, asile.

"Waumwa?" mamake akauliza.

"Siumwi, mama. Abdulghani, msimamizi wetu, atuita mmoja mmoja. Asema Marekani wamepandisha ushuru wa nguo. Ataka kila mtu aandike kuwa ameacha kazi kwa hiari yake. Kisha aturudishe kama vibarua."

"Na usipoandika?"

"Asema mlango u wazi."

Kulthum akamsogelea. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

Kesho yake akapika pilau. Akaipakua kwenye kombe, sahani kubwa ya wageni, akafunika kawa, akampelekea Abdulghani nyumbani kwake. Ndivyo alivyolelewa: ukitaka moyo wa mtu ulainike, mpelekee chakula.

"Shikamoo, mama. Ahsante sana," Abdulghani akasema. "Wewe waelewa mambo."

Kulthum akarudi na furaha. Kumbe ameharibu. Asubuhi Abdulghani alisimama mbele ya wanawake wote.

"Mamake Swabra ameniletea kombe la pilau. Kwao wameshakubali. Nyinyi mwangoja nini?"

Lavender, ashonaye viuno, akageuka. "Swabra, hiyo pilau ya kutuuza sisi ilikuwa na nyama, au viazi vitupu?"

Swabra alifika nyumbani akilia. Jirani yao Sidi, afanyaye kazi ofisi ya chama cha wafanyakazi, alisikia, akapiga hodi. Akaelezwa yote.

"Bi Kulthum, kombe la kusihi hupelekwa na aliyekosa. Swabra amekosa nini?"

"Hajakosa. Lakini Marekani tutawaweza?"

"Ushuru huo hulipwa kule kule, na anayeingiza nguo nchini mwao. Halafu Wamarekani wenyewe wabishana. Wengine wasema ushuru utarudisha viwanda kwao, watu wapate kazi. Wengine wasema bei zitapanda, na atakayeumia ni maskini, kwa sababu mshahara wake wote huishia dukani. Tajiri hahisi."

"Marekani nako kuna maskini?"

"Tele. Mtu ana kazi mbili, na kodi ya nyumba yamshinda. Mtaa wa pili kuna mwenye mali asiyojua mwisho wake. Basi wabishana mzigo abebe nani. Kila mtu ausukuma kwa mwingine. Aliye kimya ndiye abakiye nao kichwani."

"Na kama kazi imepungua kweli?"

"Yaweza kupungua. Lakini sheria yetu ipo. Mwajiri akitaka kupunguza watu, atoe taarifa mwezi mmoja kabla, na afisa wa leba, yule wa serikali, ajue. Anayeondoka alipwe kwa miaka aliyofanya kazi. Ukiandika kuwa umeacha mwenyewe, malipo hayo umeyatupa."

"Ndiyo maana atuita mmoja mmoja," Swabra akasema polepole.

"Ehe. Umeona."

Asubuhi Kulthum alifuatana na bintiye hadi langoni. Akawaambia wanawake, "Kombe lilikuwa langu. Mwanangu hakukubali neno. Nanyi msikubali."

"Ungelileta kwetu basi, mama," Lavender akasema. Wakacheka, wakaingia pamoja.

Abdulghani akamwita mshona mifuko. Swabra akazima cherehani yake, akasimama. Lavender akasimama. Safu nzima ikasimama.

"Nimemwita mmoja," Abdulghani akasema.

"Suruali haishonwi na mmoja," Swabra akajibu. "Ukimwita mmoja, twaja sote."

Mashine zilinyamaza. Meneja akashuka kuuliza kuna nini. Mchana Sidi akaja na afisa wa leba, kama walivyoagana usiku. Afisa akauliza taarifa ya kupunguza watu iko wapi. Haikuwepo.

Afisa, Sidi na meneja walizungumza mpaka alasiri. Waliokuwa wameandika wakarudishiwa barua zao. Wakapatana kuwa hakuna atakayefanywa kibarua. Kazi ikipungua, saa zitapunguzwa kwa wote, kuanzia ofisi kubwa, na chama kishauriwe kwanza.

Wazazi wenzangu, hofu yetu ni mapenzi, lakini yaweza kumnyang'anya mtoto haki yake. Mtu akimpa mwanao karatasi ya kuacha kazi, mwambie aulize chama au ofisi ya leba kabla ya kushika kalamu.

Swabra aliingia nyumbani mbio. "Mama, nimebaki. Tumebaki sote."

Kulthum akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

"Pana harusi ya nani?" wakauliza.

"Hapana harusi," akasema. "Mwanangu ana kazi." Akapiga tena.